Jinsi ya Kupima Programu Kabla Haijafika Mwaloni: Mwongozo Kamili kwa Watengenezaji wa Kigoma

Vijana wanaotengeneza programu za biashara hapa Kigoma wanauliza swali moja kuliko mengine yote: "Nyumbani ilifanya kazi vizuri, nimeipeleka mwaloni Kibirizi imegoma siku ya kwanza. Tatizo ni nini?"

Mara nyingi msimbo wenyewe si mgumu. Tatizo ni kwamba kilichofanyika nyumbani hakikuwa upimaji. Mtengenezaji alijaza fomu kwa jina lake, akaandika kilo 10, akabonyeza kitufe, akaona alama ya kijani, akaridhika. Hapo amehakikisha tu kwamba programu inawaka.

Kupima ni kuandika kwanza jibu unalolitarajia, kisha kuisaka programu mpaka upate mahali inapotoa jibu jingine. Jaribio ambalo jibu lake hukuliandika kabla ya kubonyeza usilihesabu, kwa sababu ukishaona namba kwenye skrini, macho huikubali.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: programu ya simu ya kurekodi dagaa wanaonunuliwa mwaloni, yaani pale boti zinaposhusha samaki, yenye jina la muuzaji, kilo, bei, njia ya malipo na risiti. Sheria na bei za mfano huu nimezitunga mimi, za kwako utaziuliza kwa wenye biashara. Kama programu yako ni ya mawese au nauli za boti, badilisha mifano tu, hatua ni hizi hizi.

## Vitu vya kuandaa

- Simu mbili au tatu za aina ambayo watumiaji wanayo. Moja iwe ya bei nafuu na iliyojaa picha, yenye nafasi ndogo iliyobaki.
- Laini za mitandao miwili tofauti, zenye bando.
- Kikokotoo. Usipige hesabu ya jibu unalotarajia kwa programu ile ile unayoipima.
- Daftari la safu tano: namba ya jaribio, ninachoingiza, ninachotarajia, nilichopata, tarehe na toleo.
- Kanzidata (hifadhi ya data) ya majaribio iliyotengwa kabisa na ile ya kazi, yenye majina na namba za simu za kubuni. Usinakili orodha ya wateja halisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama unatengeneza programu ukiwa chumbani kwako.
- Mtu mmoja ambaye hakuandika msimbo huo. Usimpuuze huyu, ndiye atakayebonyeza pale ambapo wewe unajua hapabonyezwi.

## Hatua ya 1: Andika sheria za biashara kwa sentensi zinazopimika

Nenda kwa mwenye kazi na maswali mafupi, kwa adabu.

"Shikamoo mama. Mtu akileta nusu kilo mnapokea?"

"Marahaba mwanangu. Nusu tunapokea, robo hapana."

Jibu hilo limekupa mpaka. Liandike hivi: *Kilo zikiwa chini ya 0.5, programu ikatae na ionyeshe sababu.* Endelea kuuliza: mzigo mmoja ukizidi kilo ngapi mnaugawa? Tuseme amejibu 500; basi programu ikatae mzigo unaozidi hapo.

Ukiona umeandika "programu iwe nyepesi" au "risiti itoke mapema", rudi uweke namba. "Risiti itoke ndani ya sekunde 5 kwenye simu ya bei nafuu" inapimika. "Mapema" haipimiki, na siku ya makabidhiano italeta ugomvi.

Mtu asiyejua programu yako akisoma sheria zako na kusema kwa kila moja "hili nitalipima kwa kufanya hivi", songa mbele.

## Hatua ya 2: Gawa mafungu, kisha gonga mipaka

Huwezi kujaribu kila kilo kuanzia 0 hadi 500, na wala haina haja. Gawa vinavyoweza kuingizwa katika mafungu ambayo programu inapaswa kuyatendea sawasawa: chini ya 0.5, kati ya 0.5 na 500, zaidi ya 500, na visivyo kilo kabisa, yaani herufi, nafasi tupu na namba hasi. Chukua mwakilishi mmoja au wawili wa kila fungu.

Kisha nenda mipakani. Mizani ikisoma hadi sehemu ya kumi ya kilo, jaribu 0.4, 0.5 na 0.6, halafu 499.9, 500 na 500.1. Sababu ni kwamba makosa mengi ya msimbo hukaa kwenye alama moja, pale palipotakiwa `>=` pakaandikwa `>`. Kilo 10 hazitakuonyesha kosa hilo hata ukizijaribu mwaka mzima. Kilo 0.5 zitalionyesha mara moja.

## Hatua ya 3: Ingiza data ya Kigoma ilivyo

Hapa ndipo programu nyingi zinapoangukia, na hakuna kitabu cha darasani kitakachokuorodheshea haya. Tenga siku nzima kwa hatua hii.

Koma. Sisi tunaandika 12,500 tukimaanisha elfu kumi na mbili na mia tano. Mfanyabiashara aliyesoma Burundi au Kongo, kwa mazoea ya Kifaransa, huandika 12,5 akimaanisha kilo kumi na mbili na nusu. Kama msimbo wako unafuta koma zote, 12,5 inageuka 125. Kwa bei ya shilingi 30,000, malipo ya 375,000 yanakuwa 3,750,000. Muulize mwenye biashara kama programu ikatae au isome 12.5, ila isisome 125 kwa hali yoyote.

Ritifaa kwenye majina. Ng'wandu, Ng'ombe, Nyang'oro. Alama hiyo ikiunganishwa ovyo kwenye amri ya kanzidata, amri inavunjika, na mwenye nia mbaya anaweza kuutumia mwanya huo huo kufuta jedwali zima. Isitoshe, kibodi moja huandika ritifaa iliyonyooka (') na nyingine iliyopinda (’). Sajili jina kwa simu moja, litafute kwa nyingine. Lisipopatikana, karani atamsajili mtu huyo upya, na deni lake litabaki kwenye jina la zamani.

Namba za simu. Mtu mmoja anaweza kuandikwa 07 na tarakimu nane, au 255 na tarakimu tisa, au +255 yenye nafasi katikati. Zote ziishie kwa mteja mmoja. Jaribu na 257 ya Burundi na 243 ya Kongo. Kama orodha inaingizwa kutoka jedwali la kompyuta, angalia sifuri ya mwanzo, maana majedwali mengi huimeza ikabaki namba ya tarakimu tisa.

Saa na siku. Karani akiandika "saa 2" usiku anamaanisha 20:00. Kama fomu yako inampa nafasi ya kuandika saa kwa mkono bila kuonyesha asubuhi au usiku, rekodi zitasogea kwa saa sita au zaidi, kila mtu kwa namna yake.

Ubaya zaidi uko kwenye tarehe. Uvuvi wa dagaa ni wa usiku. Seva nyingi huhesabu kwa saa za UTC, saa za kimataifa za marejeo, nasi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo mzigo uliopokelewa saa 8 usiku (02:00) wa tarehe 1 huandikwa siku ya mwisho ya mwezi uliopita. Ripoti za miezi miwili zinaharibika kwa pamoja. Burundi na upande wa Kongo wa ziwa wako saa moja nyuma yetu, na simu iliyo Kagunga, mpakani na Burundi, ikishika mnara wa ng'ambo inaweza kujirudisha yenyewe. Badilisha majira ya simu kwa mkono, rekodi mzigo, rudisha majira, kisha angalia mpangilio wa rekodi.

Uliza pia: boti iliyotoka Jumatatu jioni na kurudi Jumanne alfajiri, mzigo wake ni wa siku gani? Jibu la swali hili ni la wenye mwalo, si la mtengenezaji.

Siku zisizo na kilo. Mbalamwezi ikiwa kali boti nyingi hupumzika. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ripoti inayotafuta wastani wa bei kwa kugawa fedha kwa kilo itagawa kwa sifuri na kuzimika. Toa ripoti ya wiki tupu, kisha ya mwezi mtupu. Unachotarajia ni neno "hakuna mauzo", sio skrini nyeupe.

Namba kubwa. Namba nzima ya biti 32 yenye alama ya chanya na hasi haivuki 2,147,483,647. Kwa shilingi, bilioni mbili na ushei si mbali kwa mnunuzi mkubwa akijumlisha mwaka. Weka rekodi za kubuni zinazofika bilioni tatu, uangalie jumla.

Desimali. Kwenye Python, 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004 ukitumia namba za kawaida za desimali. Ukijumlisha mizigo mia ya mizani, vipande hivyo vinaweza kukutoa kwenye jumla ya kikokotoo. Fedha zihifadhiwe kama shilingi nzima, kilo zitumie aina ya `Decimal`, inayotunza desimali kama zilivyoandikwa.

## Hatua ya 4: Chora jedwali la maamuzi

Sheria zikianza kuingiliana, kichwa hakitoshi. Tuseme malipo yanategemea mambo matatu: muuzaji ni mwanachama au la, ana deni la nyavu au la, analipwa taslimu au kwa simu. Ndiyo na hapana kwa mambo matatu zinaleta safu 8. Chora zote, na chini ya kila safu andika kiasi atakachopokea kwa mzigo ule ule wa kilo 20.

Faida yake inaonekana unapokwama kujaza safu. Mfano: mwenye deni anakatwa robo ya malipo, na robo hiyo ni 20,000, lakini deni lililobaki ni 5,000. Programu inakata kiasi gani? Kama hakuna aliyewahi kulijibu swali hilo, programu itakata 20,000 na kumwacha mvuvi na deni hasi. Umekamata hitilafu kabla ya kugusa simu, tena kwa kalamu.

## Hatua ya 5: Jaribu mishale iliyokatazwa

Muamala wetu una hali nne: rasimu, umethibitishwa, umelipwa, umefutwa. Kutoka kila hali kwenda kila hali, ikiwemo kubaki palepale, kuna mishale 16, yaani mabadiliko ya hali. Inayoruhusiwa ni mitano: rasimu kuhaririwa ikabaki rasimu, rasimu kuthibitishwa, rasimu kufutwa, uliothibitishwa kulipwa, na uliothibitishwa kufutwa.

Wengi hupima hiyo mitano wakaishia hapo. Fedha hupotelea kwenye ile 11 iliyobaki. Futa muamala uliokwisha kulipwa. Lipa uliofutwa. Lipa mara mbili. Fungua muamala mmoja kwenye simu mbili, mmoja afute huku mwingine akilipa.

Jaribio ambalo halina ruhusa ya kurukwa: bonyeza "Lipa", na kabla jibu halijarudi washa Hali ya ndegeni. Subiri dakika moja, izime, bonyeza "Lipa" tena. Yatakiwa kuwe na malipo mamoja tu. Yakiwa mawili, tiba yake ni simu kuupa kila muamala namba ya pekee kabla ya kuutuma, na seva ikiona namba ileile mara ya pili irudishe jibu la kwanza bila kulipa tena.

Onyo: fanya haya kwenye mazingira ya majaribio ya mtoa huduma ya malipo, kamwe usitumie fedha za mteja.

## Hatua ya 6: Punguza mchanganyiko

Aina tatu za simu, hali tatu za mtandao, bidhaa tatu, njia tatu za malipo: ni michanganyiko 81. Huna muda huo. Hitilafu nyingi za mchanganyiko hutokana na vitu viwili kukutana, kwa hiyo hakikisha kila jozi imekutana angalau mara moja. Majaribio 9 yanatosha:

1. Simu ya zamani, mtandao mzuri, dagaa wabichi, taslimu
2. Ya zamani, mtandao hafifu, dagaa wakavu, malipo ya simu
3. Ya zamani, hakuna mtandao, migebuka (samaki wa ziwani), mkopo
4. Ya kati, mtandao mzuri, dagaa wakavu, mkopo
5. Ya kati, mtandao hafifu, migebuka, taslimu
6. Ya kati, hakuna mtandao, dagaa wabichi, malipo ya simu
7. Mpya, mtandao mzuri, migebuka, malipo ya simu
8. Mpya, mtandao hafifu, dagaa wabichi, mkopo
9. Mpya, hakuna mtandao, dagaa wakavu, taslimu

Chagua jozi yoyote, utaikuta. Angalia sana namba 6: bila mtandao, malipo ya simu yaandikwe "yanasubiri". Programu ikiandika "yamelipwa", isimamishe hapo hapo.

## Hatua ya 7: Yape mashine yanayojirudia, kisha yapime majaribio yenyewe

Hesabu na mipaka ziandikie majaribio ya msimbo, kwa sababu utayarudia kila unapobadilisha kitu. Kwa Python, `pytest`, zana ya kuendesha majaribio, inatosha:

```
from decimal import Decimal
from daftari import kilo_zinakubalika

def test_mipaka_ya_kilo():
    assert not kilo_zinakubalika(Decimal("0.4"))
    assert kilo_zinakubalika(Decimal("0.5"))
    assert kilo_zinakubalika(Decimal("500"))
    assert not kilo_zinakubalika(Decimal("500.1"))
```

Yakishapita yote, nenda kwenye msimbo wako uuharibu kwa makusudi. Geuza `>=` iwe `>`, endesha tena. Jaribio la 0.5 lazima lianguke. Likiendelea kupita, majaribio yako hayaangalii kitu. Rudisha msimbo ulivyokuwa kabla ya kuendelea.

Kila hitilafu utakayoipata kuanzia leo, iandikie jaribio kwanza, ulione likianguka, ndipo urekebishe. Hitilafu za zamani hupenda kurudi na toleo jipya.

## Hatua ya 8: Nenda mwaloni

Ongea kwanza na viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, na uchague siku za giza, mbalamwezi isipokuwepo, mizigo inapokuwa mingi. Usimkatize mtu katikati ya kupima mzigo.

Mkabidhi simu dada anayepokea mizigo, umwambie: "Dada, naomba uandike mzigo huu kama ambavyo ungeuandika kwenye daftari." Kisha nyamaza. Usimwelekeze, usinyooshe kidole. Kila neno utakalomwambia ni neno ambalo hutakuwepo kulisema kesho yake.

Andika mahali kidole chake kinaposita, anachosoma kwa sauti, anachobonyeza mara mbili. Tazama skrini kwenye jua kali. Tazama vidole vyenye maji na magamba. Acha chaji ishuke mpaka simu izime katikati ya rekodi, iwashe, uone kama rasimu imebaki.

Akishindwa mahali, kosa ni la skrini. Ukimsikia anasema "mimi sijasoma sana," muombe radhi na uandike hitilafu.

## Hatua ya 9: Andika hitilafu ili mwingine aione

"Haifanyi kazi" haimsaidii mtu. Ripoti iwe hivi:

> Kichwa: Kilo zenye koma zinazidishwa mara kumi
> Toleo na simu: 0.8, simu ya zamani, bila mtandao
> Hatua: Fungua "Mzigo mpya". Chagua dagaa wakavu, bei 30,000. Andika kilo 12,5. Bonyeza "Hifadhi".
> Nilichotarajia: Ikatae, au malipo yawe 375,000
> Nilichopata: Malipo 3,750,000
> Hutokea: kila mara

Ambatisha picha ya skrini yenye data za kubuni tu. Tenga pia uzito na uharaka. Jina la biashara likikosewa kwenye risiti, uzito ni mdogo, lakini mwenye biashara anataka lirekebishwe leo. Ripoti ya mwaka ikizimika, uzito ni mkubwa, ingawa una muda hadi Desemba.

## Hatua ya 10: Amua kutoa au kutotoa

Vigezo viandikwe kabla ya kuanza kupima, mkiwa hamna presha. Vyangu ni hivi: hakuna hitilafu iliyo wazi inayogusa fedha au kupoteza rekodi, majaribio yote yameendeshwa kwenye toleo lile lile litakalotolewa, na nakala ya akiba imerudishwa kweli kwenye kanzidata tupu ikafunguka. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu.

Upimaji hauthibitishi kwamba hitilafu zimekwisha. Unaonyesha tu zile ulizozipata. Kwa hiyo mwambie mwenye biashara waziwazi nini kimepimwa na nini hakijapimwa, kwa maandishi.

Kisha endesheni programu pamoja na daftari la karatasi kwa kipindi kimoja kizima cha giza. Kila siku, kabla watu hawajatawanyika, linganisheni vitu vitatu: idadi ya mizigo, jumla ya kilo, jumla ya fedha. Zikitofautiana hata kwa shilingi moja, mtafute mstari wenye tofauti siku hiyo hiyo, kabla ya kupokea mzigo wa kesho.